Niliinama Kupokea Makofi

Nina miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa kwaya huku Matiri. Siku hizi nikijitazama kwenye kioo natamani kutema mate.

Mdogo wangu, Skola, ameolewa Lipingo, kule ziwani. Mwaka juzi homa ilimchukua mtoto wake wa pekee, Upendo. Nilikaa naye matanga yote. Kila alfajiri, akiwasha moto jikoni, aliimba kwa sauti ndogo wimbo wa kubembeleza aliomtungia mwanawe... Hakumwimbia mtu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta tu, nikisikia.

Basi wakaja Mbinga wageni wanne wenye fidla na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, kupiga muziki wa kale wa Ulaya katika ukumbi wa parokia. Wakaniagiza niwatungie kipande kipya cha kufungia onyesho. Mimi! Nikavimba bichwa. Lakini wiki zikapita, karatasi ikabaki tupu. Mwishowe nikaandika ule wimbo wa Skola, nota kwa nota, na juu yake nikajaza: Mtunzi, mimi. Kumwomba ruhusa? Niliogopa atakataa.

Na bado nikamwalika! Nilitaka anione nikipigiwa makofi. Alikuja na mfuko wa usipa wakavu, samaki ninaowapenda tangu utoto, nikamkalisha mbele kabisa.

Vipande vya kale vilipita, watu wakisinzia kwa adabu. Kikaja changu. Fidla ilipoanza tu, Skola alijiziba mdomo kwa khanga. Nilimwona! Kilipokwisha ukumbi ukalipuka: "Rudieni! Rudieni!" Wageni wakanigeukia, niseme ndiyo au hapana...

Nikaitikia kwa kichwa. Walipomaliza kurudia nikainama mbele ya watu, meno nje. Mtu gani mchafu namna hii?

Nje aliniwekea ule mfuko mkononi. "Kaka, Upendo nilimzika mara moja. Leo umemzika tena mara mbili, watu wanashangilia."

Hakulia. Alipanda gari akarudi kwake.

Nimeshuka Lipingo mara tatu kumwomba radhi. Kiti ananipa, ugali ananipa, shikamoo hanipi tena. Na wanakwaya wangu wameshaushika ule wimbo, wanaupiga mluzi njiani, nami sina uso wa kuwakataza.

Wasomaji wenzangu, nawasihi, kilio cha mtu msikiguse bila kumwuliza, hata awe ndugu yenu wa tumbo moja! Mimi nilitaka makofi, nikayapata. Shemeji ananiambia siku hizi Skola anawasha moto kimya.