Buluu Iliyofunikwa

Msusi alikuwa na msemo wake: nyumba isiyopakwa rangi ni kichwa kisichochanwa. Kwa hiyo asubuhi ile, chai ikiwa bado mezani, alikuwa ameshasogeza makochi katikati ya sebule na kuyafunika kwa mashuka makuukuu, akimsubiri fundi. Walikuwa wamehamia nyumba ile karibuni. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini, na nyumbani alibaki yeye na mama mkwe wake, mama mtu mzima aliyepofushwa na presha ya macho lakini ulimi wake uliona kuliko macho ya wengi.

"Paka upendavyo, mkwe wangu," mama alisema akipuliza chai. "Kwangu mimi rangi zenu zote ni moja."

Wakacheka. Walipatana, wawili hao. Watu waliozoea kusikia visa vya mkwe na mkwe walikuwa wakiwashangaa.

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, alifika na kuanza kukwangua ukuta. Nyeupe ikatoka, chini yake nyeupe nyingine, chini yake nyingine tena. Karibu na dirisha kikabanduka kipande kikubwa kuliko vyote, na hapo ikajitokeza buluu. Haikuwa buluu ya anga. Ilikuwa imeiva mpaka inakaribia weusi, kama wino uliomwagwa kisimani.

Msusi akasimama kuitazama. Kwa muda mrefu wateja wake walikuwa wakimwonyesha kwenye simu picha za sebule za watu, kuta zenye giza, taa za mwanga wa dhahabu, mito ya manjano juu ya makochi. Alikuwa akizitamani. Kumbe rangi anayoitafuta ilikuwa nyumbani kwake.

"Hiyo hiyo," alisema. "Nichanganyie kama hiyo."

Brashi alipitisha kidole juu ya ile buluu, kisha akakifuta kwenye suruali kama mtu aliyegusa kitu kibichi.

"Rangi baridi ina uzuri wake, dada. Inausogeza ukuta nyuma, chumba kinaonekana kikubwa. Lakini hii imefunikwa mara nyingi sana. Mtu hapaki nyeupe tabaka juu ya tabaka kwa kupenda."

"Labda hakuwa na jicho la urembo."

"Labda," Brashi alisema, akafungua ndoo.

Rangi ikapakwa, sebule ikapendeza. Dari iliachwa nyeupe, mapazia yakawa mepesi, na kioo kikatundikwa kuelekea dirisha ili kigawe mwanga. Wateja waliokuja kusukwa walipiga picha na kuomba namba ya fundi. Hata joto la mchana lilikuwa kama linaishia mlangoni; ndani palikuwa na ubaridi wa mtungi. Msusi alijipongeza moyoni.

Wa kwanza kugundua alikuwa yule asiyeona.

Mama alitembea kwa kiganja. Aliuweka mkono ukutani mlangoni pa chumba chake, akaufuata ukuta wa sebule mpaka jikoni, bila fimbo wala msaada. Adhuhuri moja Msusi alikuwa jikoni na maharage yake akasikia kandambili za mama zinakuja. Chwa, chwa, chwa. Akaonja chumvi. Chwa, chwa. Akaongeza maji, akakata kitunguu, akakikaanga. Kandambili zilikuwa bado njiani. Mama alipotokea mlangoni alikuwa amelowa jasho, anahema.

"Mkwe wangu, umehamisha jiko?"

"Hapana, mama."

"Basi miguu yangu ndiyo imezeeka leo." Alisema hivyo bila kucheka.

Tangu siku hiyo akawa anaomba kushikwa mkono. Yeye, ambaye zamani ukimshika alikuwa anakufokea. Mchana mmoja, wakiwa katikati ya sebule, aliubana mkono wa Msusi na kunong'ona, "Usiniache hapa peke yangu. Kuna mtu anatembea kwa kiganja kama mimi. Nikisimama, na yeye anasimama."

Msusi akatazama. Ukuta. Buluu. Basi.

Alimpigia mumewe simu. "Uzee huo," mume alisema, injini ikinguruma nyuma yake. "Niangalizie mama yangu. Sina mwingine wa kumwachia ila wewe."

Siku ya tukio lenyewe ilikuwa ya jua kali. Msusi alitoka kuanua nguo, akarudi amezikumbatia kifuani. Chumba cha mama kilikuwa kitupu. Jikoni hakuna mtu.

"Mama?"

"Nipo hapa."

Sauti ilitoka sebuleni. Sebuleni hapakuwa na mtu. Ila kandambili moja, imelala chini ya ukuta, ncha yake imeelekea ukutani.

"Mama, uko wapi?"

"Hapa. Nyoosha mkono."

Nguo zikamponyoka. Akanyoosha mkono, akitegemea kugusa ukuta. Mkono ukaendelea. Ukazama mpaka kiwiko. Ukazama mpaka bega. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Baridi ikampanda miguuni. Alipogeuka nyuma, dirisha lilikuwa dogo kama kifungo cha shati.

"Mkwe wangu." Hiyo ilitoka kushoto, karibu.

"Mkwe wangu." Hiyo ilitoka kulia, mbali.

Sauti ile ile. Mkwaruzo ule ule wa koo.

Msusi akageuza kichwa huku na huku. Ndipo aliposhikwa mkono, upande wa kushoto. Vidole vikavu, vyembamba. Pete ya mama, ile asiyoivua, ilikuwa mahali pake.

"Huyo siye," ilisema ile ya mbali, taratibu.

"Usimsikilize," ilinong'ona ile ya karibu. "Tutoke."

Akafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya. Mkono ulioko mkononi ndio alioukamata. Akauvuta. Akakimbia. Nyuma yake hakusikia kilio wala kelele. Alisikia kandambili moja tu. Chwa. Kisha mguu mtupu. Kisha chwa.

Wakaibukia kwenye mwanga, juu ya zile nguo zilizotapakaa. Mama akaketi kwenye kochi, akaomba maji. Alikuwa na pete yake, kovu lake la kidevuni, khanga yake. Miguuni hakuwa na kandambili hata moja, na ile iliyokuwa sakafuni haikuonekana tena. Msusi alimkagua kama mtu anavyomkagua mtoto aliyeanguka, asione kasoro.

Brashi aliitwa jioni ile ile. Alipaka nyeupe, akarudia, akarudia tena, akaondoka bila kuaga.

Mume aliporudi alimkuta mama yake mzima na mchangamfu, akashukuru. Akamwona anavyotoka chumbani mpaka jikoni, mikono yake ikining'inia tu, haugusi ukuta, wala hajikwai.

"Ameizoea nyumba," mume alisema akitabasamu. "Umemtunza."

Msusi akaitikia kwa kichwa.

Malengelenge yalianza baadaye. Ukuta mweupe ulivimba mahali pamoja, karibu na chumba cha mama: malengelenge matano madogo, ukubwa wa ncha za vidole. Msusi aliyakwangua kwa kijiko. Yalitoka maji ya baridi. Kesho yake yakatokea mengine, yamesogea kidogo kuelekea jikoni. Akayakwangua. Yakasogea tena. Hakumwambia mtu, na kila mara alifuta ukuta kabla hata mume hajaamka.

Jioni moja alikuwa amesimama mbele ya ukuta huo na kijiko mkononi. Nyuma yake, kwenye kochi, mama mkwe aliacha kutafuna.

"Mwache, mwanangu," alisema kwa upole. "Atachoka."

Asubuhi iliyofuata malengelenge yalikuwa yamefika kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Hayakuwa matano tena. Yalikuwa kumi, viganja viwili vilivyoegemea pamoja, kama vya mtu anayepumzika baada ya mwendo mrefu.

Msusi hakuyakwangua tena. Mumewe akitoka, na mama akiwa amelala, huweka kiganja chake juu ya malengelenge hayo. Hukiacha hapo mpaka kife ganzi kwa baridi.