Suruali ya Mzani

Wakati wa likizo, mama yake Larissa alikuwa akiwahi mtoni kila asubuhi kununua samaki wa kuuza, na Larissa alibaki na mdogo wake, Bonheur. Jumatano moja alimfunga mgongoni kwa kitenge akampeleka kwenye kituo cha afya cha mtaa wao, katika komini ya Tshopo. Mtoto alikuwa amebakiza sindano moja ya kumkinga na nimonia.

Kwanza watoto walipimwa kilo. Chini ya mzani ilining'inia suruali ya kitambaa, na kila mtoto alivalishwa hiyo hiyo. Aliyetangulia alikuwa ameikojolea. Pembeni kinyesi cha manjano kilikuwa kimeganda, na nzi wametulia juu yake. Harufu ilimpanda Larissa puani, mate yakamjaa mdomoni.

"Ingiza mutoto, dada," alisema mama mmoja nyuma yake. "Ama unangojea waipige pasi?"

Wanawake walicheka. Larissa alikimbia nje, akatapika, na hakurudi.

Jioni mama aliuliza, "Walimupiga sindano?"

"Ndiyo, mama. Kwenye paja."

Mama alimwogesha Bonheur kwenye beseni. Siku za sindano mtoto huyu hakutaka paja lake liguswe. Alikuwa akilia mpaka majirani wanauliza kuna nini. Sasa mama alilikanda paja, naye akacheka na kurusha maji.

"Larissa! Sindano gani hii inachekesha?"

Larissa aliinama, akasema yote.

"Umesahau nimonia ya Vicky, mtoto wa jirani?" mama aliuliza taratibu. "Mbavu zake zikiingia ndani, akitafuta pumzi?"

Hakuwa amesahau.

"Haya. Kesho utamwambia infirmière weye mwenyewe."

Asubuhi walienda kituoni wote watatu, na Larissa akaeleza mwenyewe. Infirmière Georgette, muuguzi wa kituo, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitoa suruali kwenye mzani, akampa pamoja na sabuni.

Larissa aliifua nje akigeuza uso. Alipokuwa akiikamua, Bonheur alichomwa sindano ndani, akapiga kelele kali.

"Eee, sauti yenyewe ni hiyo!" mama alisema kutoka ndani.

Georgette alitoka, akaianika suruali juani.

"Kusikia kinyaa si kosa, mwanangu. Mimi pia ninasikia, na kuiacha chafu lilikuwa kosa letu. Ungesema jana, tungeifua. Uchafu wa nguo unatoka kwa sabuni. Nimonia ikishaingia kifuani mwa mtoto, hakuna sabuni ya kuifua. Kwa hiyo ukiona uchafu, sema. Usikimbie, halafu ukadanganya."