Kitufe Alichokibonyeza Kabura

Kila Jumamosi asubuhi, Kabura akifua soksi zake za shule mtaani Kimumu, mjomba wake Mungai alilingurumisha gari lake la spoti mpaka majirani wakafunga madirisha. Kabura alimdharau kupita kiasi. Mtu mzima na akili zake ananunua gari la mbio lenye tumbo chini, alilete kwenye barabara ya murram isiyo na lami, kisha ajiite dereva hodari.

Uhodari wenyewe haukuwa wake. Kabura alikuwa amesoma kwamba gari kama hilo lina kompyuta inayopata habari kutoka kila gurudumu. Gurudumu likizunguka bure kwenye utelezi, kompyuta hupunguza nguvu za injini na kulibana kwa breki. Mkia wa gari ukianza kuponyoka kwenye kona, hubana gurudumu moja tu ili kulirudisha gari njiani.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha, nao walikuwa wakienda Burnt Forest kumwona shosho, nyanya yake Kabura. Mungai alishuka dukani akaacha injini ikinguruma, ili watu wasikie. Kabura akasonya. Akabonyeza kitufe cha kuzima kompyuta ile, akakishikilia mpaka taa ya manjano ikawaka. Mungai aliporudi hakuitazama. Kwake taa za dashibodi zilikuwa mapambo.

Kwenye kona ya kwanza gari lilizunguka, nusura limgonge mama mmoja muuza maziwa, likaishia mtaroni na injini ikazimika. Yule mama aliketi matopeni, mtungi wake wa maziwa umemwagika.

Mungai akapiga simu kumwita Walubengo, fundi aliyemtengenezea breki jana yake. Walubengo alipoliwasha gari, kila kitu kilikuwa sawa, kwa kuwa kompyuta ile hujiwasha tena yenyewe injini ikiwashwa upya. Mungai hakutaka kusikia. Akamwambia yeye ni fundi bure kabisa, akaapa kwamba mwenye gereji atamfuta kazi leo hii.

Kabura alijua hakuna ambaye angewahi kugundua. Akamwangalia Walubengo, akaona haya.

"Mjomba, fundi hana makosa," akasema. "Ni mimi niliyezima ile kompyuta ukiwa dukani. Nilitaka uaibike."

Mungai akauliza kwa sauti ndogo kama ile taa ya manjano ilikuwa na maana yoyote.

"Ilikuwa inakuambia umebaki peke yako, bosi," Walubengo akamjibu, akamgeukia Kabura. "Asante kwa kusema ukweli. Umeniokolea kazi. Lakini sikia. Wewe ulimdharau mjomba wako, yeye akaidharau taa ya gari lake. Huyu mama hakumdharau mtu yeyote, na ndiye angekufa. Nendeni mkamwombe msamaha."

Kabura alitangulia. Mungai akamfuata nyuma, akikanyaga matope kwa viatu vyake vya kung'aa.