Kifafa cha Mimba si Kifafa

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na tatu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini leo nina fremu mbili za kuuzia khanga Kariakoo, na hakuna mwanamume aliyenishika mkono! Najisifu, ndiyo. Jasho ni langu.

Nina binti mmoja tu, Zuhura. Aliolewa hapahapa Mchafukoge na kijana anaitwa Jabiri, wakaishi kwa mama yake, Bi Hidaya.

Mimba ya kwanza ilipokuwa kubwa, mwanangu akavimba uso. Bi Hidaya akacheka, eti anabeba dume. Mara kichwa kikawa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli... Nikampeleka hospitali mwenyewe. Presha ilikuwa imepanda vibaya!

Manesi wakamlaza ubavu wa kushoto, wakamtundikia dripu yenye dawa ya kuzuia degedege, wakamwekea mpira wa mkojo. Nesi mmoja hakubanduka pale. Anapima presha, anahesabu pumzi, anamgonga goti kuangalia dawa isimzidi. Bi Hidaya naye alikuwa ametufuata, nesi akatuambia kwa upole, "Mama zangu, hizi ni dalili za kifafa cha mimba. Tupunguze kelele, apumzike."

Kelele? Bi Hidaya ndiyo kwanza akazianza! "Kumbe mmetuozesha mwenye kifafa! Mlimficha wapi siku zote?"

Nesi akamweleza kwamba hiyo ni presha ya ujauzito, ni jina tu linalofanana. Wapi! Nilipotoka kwenda kununua dawa, Jabiri akaja akatia saini ya kumtoa mkewe hospitali, dripu ikachomolewa, mwanangu akapelekwa kwa mganga kupungwa mashetani.

Degedege likamkuta hukohuko, kwenye moshi wa ubani... Walipomrudisha, manesi walipigania roho yake mpaka akafumbua macho. Mtoto... mtoto hakulia.

Zuhura hajaweza hata kusimama vizuri, talaka ikaja. Jabiri alisema hawezi kuzaa na mwenye kifafa.

Jamani, ningenyamaza? Ninyi mngenyamaza?

Nikachapisha khanga yenye jina nililolitunga mwenyewe: KIFAFA CHA MIMBA SI KIFAFA, MUUAJI NI MDOMO. Nikaigawa bure mtaa mzima wa Bi Hidaya. Akitoka kumwaga taka, anaisoma mgongoni kwa jirani! Jabiri alipooa tena, wanawake wakaingia harusini wamevaa sare ya khanga hiyohiyo. Muuza chapati akampigia kelele, "Bi Hidaya, ya kwako unaifunga lini, shoga?" Akajifungia ndani. Mimi nilicheka mpaka nikalia.

Wanasema nimezidi. Yeye hakuzidi? Sijamsamehe, wala msinibembeleze! Ila mjukuu wangu hajarudi, na hilo hakuna khanga ya kulifunika.

Wenzangu, mjamzito akivimba uso, akiumwa kichwa, akiona vimulimuli, msimpigie ramli. Kimbieni hospitali! Nesi akitamka neno linalowatisha, mwulizeni yeye maana yake. Na mtu akigusa dripu ya mwanao, hata awe mkweo, mkosee adabu palepale. Ukwe unasuluhishwa... Kaburi halisuluhishwi.