Mwenye Mafua Hapandi

"Dada, ndizi hizo haziendi."

Spesiosa aligeuka. Mwalo wa Kibirizi, ufukweni Kigoma, asubuhi hiyo ulikuwa umefurika watu, madumu ya mawese, matenga ya samaki aina ya migebuka na magodoro yaliyofungwa kamba. Injini za mitumbwi zilikuwa zikijaribiwa na makuli wakigombania mizigo. Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu mwenye sare ya kijani iliyonyooshwa kwa pasi, kaelekeza kidole kwenye chane ya ndizi aliyoibeba Spesiosa.

"Ndizi zangu zimekukosea nini, kaka?"

"Mimi hazijanikosea. Kule hifadhini kuna nyani. Wakiiona hiyo chane mkononi mwako hawaombi, wanapora."

"Hao afadhali, hawajui salamu. Wewe unazijua na hujatoa."

Kuli mmoja aliangua kicheko. Kijana yule aliitwa Elikana, na kwa miaka sita alikuwa ameongoza wageni kupanda milima ya hifadhi kwenda kuwaona sokwe. Alijiamini kwamba anajua kuzungumza na mwanamke wa aina yoyote, kuanzia masista wa misheni hadi wake za mabalozi. Leo alibaki kuangalia gauni la kitenge cha manjano lililoshonwa na fundi anayeijua kazi yake, raba nyeupe zisizo na doa, na macho yaliyokuwa yakimsubiri bila haraka yoyote.

"Mwakeye," alisema mwishowe, kwa Kiha.

"Ehe. Sasa tunaweza kuongea." Spesiosa akawagawia makuli ndizi zile, moja akamwekea Elikana mkononi. "Kula hapa hapa, sheria isivunjike." Kisha akatoa barua kwenye mkoba. "Na hii nayo wanaipora?"

Elikana aliisoma. Spesiosa Tuyizere, mkazi wa Ujiji, amekubaliwa kujifunza kazi ya kuongoza wageni hifadhini kwa miezi mitatu, na mwisho atapimwa na mwalimu wake. Mwalimu wake alikuwa Elikana. Aliikunja barua taratibu huku ndizi imemjaa mdomoni, na hapo ndipo alipopotea, ingawa yeye mwenyewe alichelewa wiki mbili kulijua hilo.

Spesiosa alizaliwa Ujiji, lakini wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili wakikimbia mauaji, na sasa walikuwa raia wenye nyumba na kisima chao. Hakuwa msichana wa kutembea kwa kuomba radhi. Mlima aliupanda akiwa mbele, akiuliza maswali. Alijifunza kutambua kiota cha sokwe cha jana na cha juzi kwa kuangalia majani, kuwasimamisha wageni mita kumi kutoka kwa mnyama, kuwavalisha barakoa, na kuwakazia macho wale wanaotaka picha ya karibu. Zaidi ya yote alijifunza kanuni iliyoandikwa kwenye ubao wa lango: mwenye mafua hapandi.

"Mafua yako ya siku tatu, kwao ni msiba," Elikana alimweleza. "Damu yetu na yao ni ndugu. Na si mafua peke yake. Ukiwa umekaa na wagonjwa, hata kama wewe mzima, unasubiri siku saba."

"Hata mwalimu?"

"Hata waziri."

Mapenzi yaliwajia kwa mtindo huo huo wa maswali na majibu. Jumapili waliogelea kwenye maji maangavu ya ziwa, na jioni kila mmoja alirudi kwao, Spesiosa Ujiji, Elikana mtaa wa Gungu, na simu zikaanza.

"Umefika?" aliuliza Elikana.

"Nimefika. Wewe je?"

"Mwili umefika."

"Na kilichobaki?"

"Kiko Ujiji. Kitunze vizuri."

"Nimekianika uani, kikikauka nitakurudishia," Spesiosa alijibu, na mama yake aliyekuwa akichambua dagaa kando alijifanya hasikii.

Ukafika mwezi wa tano, mwaka 2015. Burundi ilichafuka tena. Watu walijazana kwenye ufukwe wa mpakani, meli ikawa inawaleta Kigoma kwa mamia, na uwanja wa mpira ukageuka makazi ya kungoja mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi. Kuhara kukaingia, na kikohozi kikaingia. Mtihani wa Spesiosa ulipangwa Alhamisi. Nafasi ya kazi ilikuwa moja, nyingine isingepatikana hadi mwaka ujao, na aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani.

Jumatatu asubuhi simu yake iliita.

"Spesi, ni mimi Jean de Dieu, mtoto wa baba yako mdogo. Tumeshuka melini jana. Mama hawezi kusimama."

Angesema hapana, asingekuwa binti wa watu waliowahi kushushwa ufukweni mikono mitupu. Kwa siku tatu Spesiosa alishinda karibu na uwanja na wanawake wa Ujiji, wakipika uji kwenye masufuria makubwa kwa kuni mbichi, na kila alipopata nafasi alikwenda kumnywesha mama mdogo Eufrasia, mama yake Jean de Dieu, maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Alijua kabisa kanuni inasemaje. Kwa hiyo alimdanganya Elikana kwamba yuko Mwandiga kwa shangazi, wanavuna mihogo. Alijiambia kwamba Alhamisi itapita, kisha atasema yote.

Jumatano mchana Elikana alikuwa amepakizwa kwenye bodaboda, anapeleka mahema ya wageni mwaloni. Pikipiki ilipopunguza mwendo kwenye geti la uwanja, alimwona. Kanga kiunoni, kilemba kichwani, na kijana wa kiume mwenye shati zuri lililochakaa amelaza kichwa begani kwake. Mkono wa Spesiosa ulikuwa ukimpapasa mgongo.

"Simama hapo mbele," alimwambia dereva. Akapiga simu. Akamwona Spesiosa akisogea pembeni na kupokea.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Mwandiga, baba. Mihogo imenikomesha."

"Pole."

"Asante. Kesho nitakuonyesha ulichonifundisha."

"Nitaona," alisema Elikana, na dereva wa bodaboda, ambaye hakuwa mpumbavu, aliwasha pikipiki bila kuambiwa.

Alhamisi Spesiosa alifika Kibirizi na sare mpya, kofia imemkaa vizuri, lakini moshi wa siku tatu ulikuwa umemkausha sauti na macho yake yalikuwa mekundu. Wageni sita walikwisha kaa kwenye boti. Aliwasalimu, akajitambulisha, akaanza kuwaeleza safari. Kisha akapiga chafya.

"Huyu hapandi," alisema Elikana. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia. "Ana mafua."

"Ni moshi, Elikana."

"Moshi wa Mwandiga?"

Spesiosa alimtazama, na akaelewa kwamba ameonekana. Akitaja uwanja, amejizuia kwa mdomo wake mwenyewe. Asipotaja, amezuiwa na mtu mwenye wivu. Akavua kofia, akawatakia wageni safari njema, na boti ikaondoka. Alilia, ndiyo, lakini alilia akitembea, na hatua zake hazikuyumba.

Wageni waliwaona sokwe siku ile, tena kundi zima. Elikana aliwaongoza vizuri, akajibu maswali yote, na hakukumbuka hata jibu moja. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na yeye kufikia Jumamosi mkanda wake ulikuwa umeongezwa tundu. Mchana wa siku hiyo simu iliita.

"Nina swali moja," alisema Spesiosa. "Ulinizuia kwa sababu ya sokwe, au kwa sababu ya mwanamume uliyemwona?"

"Yule ni nani?"

"Jibu kwanza."

Elikana angeweza kusema sokwe, na hakuna mtu duniani ambaye angemshinda kwa hoja, maana kanuni ilikuwa upande wake.

"Sijui," alisema.

"Ukijua, utanipigia. Yule ni Jean de Dieu, mtoto wa baba yangu mdogo. Alikuwa analia kwa sababu mama yake alikuwa ameacha kuongea. Sasa anaongea." Akakata.

Elikana aliketi chini pale pale kwenye kibaraza cha nyumba yake ya Gungu. Aibu ilimshika kuanzia masikioni. Alijua jibu, alilijua tangu Kibirizi. Chafya ile angeisikia kwa mtu mwingine, angemwita kando, angemuuliza, angemwangalia koo. Kwa Spesiosa hakuuliza lolote. Alikuwa anampenda mno, na alikuwa ametumia kanuni ya kuwalinda sokwe kumpiga nayo mtu anayempenda.

Jumatatu asubuhi alivaa sare safi, akaenda mjini kwenye ofisi ya Mama Verediana, mkuu wa waongoza wageni wote. Kwenye benchi la nje alikuta gauni la manjano limekaa.

"Umekuja kunishtaki?" aliuliza.

"Haki ninayo," alisema Spesiosa. "Lakini sijaja kwa ajili yako. Wewe je?"

"Nimekuja kujishtaki."

Spesiosa alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya boti. "Basi panga foleni. Mimi nimetangulia."

"Wewe una kosa gani?"

"Ningepanda, Elikana." Sauti yake ilishuka. "Siku tatu namnywesha mgonjwa maji kwa mkono huu, na Alhamisi ningepanda nao mlimani. Wewe ulizuia kwa roho mbaya, lakini ulizuia. Mimi nilikuwa na roho nzuri na ningeua wanyama. Usiku wa Jumamosi sikulala nikilifikiria hilo."

"Hata mimi sikulala."

"Wewe ulistahili."

Mlango ulifunguka. Mama Verediana alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani. Aliamkiwa shikamoo mbili kwa pamoja, akaitikia moja.

"Ingieni wote, nisisikilize hadithi mara mbili."

Wakaeleza. Kila mmoja alieleza la kwake bila kulipunguza, na mara mbili Elikana alijaribu kuchukua kosa la Spesiosa, na mara mbili Spesiosa akamwambia aache. Mama Verediana alisikiliza mpaka mwisho.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Wewe binti, ungeniambia Jumatatu ile, ningeusogeza mtihani. Nina ndugu zangu pale uwanjani pia, unadhani mimi ni jiwe? Utasubiri siku saba tangu siku ya mwisho uliyomshika mgonjwa, kisha nitakupima mimi mwenyewe. Na wewe, Elikana, hutapima mtu tena mwaka huu." Akavaa miwani. "Sasa la mwisho. Mnapendana?"

"Ndiyo," alisema Spesiosa.

"Sana," alisema Elikana.

"Wapenzi hawakai kituo kimoja. Mmekwisha nionyesha kwa nini. Binti akifaulu, mmoja wenu atakwenda hifadhi ya kusini, kwenye milima ya Mahale. Akishindwa, hakuna wa kuhama."

Kutoka Kigoma mpaka Mahale ni safari ya ziwa inayokula siku nzima, na boti hazisafiri kila siku.

"Nitahama mimi," alisema Elikana. "Na nitamfundisha yote yaliyobaki, ili afaulu."

Alimfundisha kwa simu, kila jioni, kwa muda wote wa kusubiri. Alimuuliza njia, mimea, majina ya kundi zima la sokwe na nani mtoto wa nani. Spesiosa alipokosea alimsahihisha, na alipopatia alihesabu siku zilizobaki, kwa sababu kila jibu sahihi la Spesiosa lilikuwa linampeleka yeye Mahale.

"Unajuta?" Spesiosa alimuuliza siku moja.

"Hapana. Rudia mabonde, kuanzia kaskazini."

Siku ya mtihani Spesiosa alipanda na wageni wanane na Mama Verediana nyuma yao akiwa na daftari. Aliwakuta sokwe kabla ya saa nne. Jike mmoja mwenye mtoto mgongoni alishuka moja kwa moja kwenye njia yao, na mgeni mmoja, mtu mzima mwenye kamera ya thamani, akapiga hatua mbele. Spesiosa alimzuia kwa kiganja cha mkono. Mgeni alinuna. Spesiosa hakujali, akawarudisha wote nyuma, akawakalisha chini mpaka mama yule na mwanawe walipopita na kuingia kichakani. Mama Verediana aliandika mstari mmoja, akafunga daftari.

Elikana alikuwa akisubiri Kibirizi. Boti ilipogota mchangani, Spesiosa aliruka kabla haijafungwa kamba, maji yakamfika magotini.

"Nimefaulu."

"Najua. Mama Verediana alipiga simu ofisini toka mlimani, na barua yangu ya uhamisho imenifikia saa sita." Alitabasamu, na tabasamu lilimgharimu. "Hongera, mpenzi. Ndagukunda. Nakupenda."

"Unaondoka lini?"

"Jumatatu."

"Basi tuna siku tatu, zinatosha." Spesiosa akakamua pindo la suruali yake. "Jumapili baada ya misa uje Ujiji na wazee wako. Baba yupo, na Jean de Dieu amepata ruhusa ya kuja kabla basi la kambini halijaondoka."

"Spesi, hilo nilitaka kuliomba mimi. Nimejiandaa wiki nzima."

"Omba basi, nakusikiliza."

Makuli walikuwa wameshatega masikio. Elikana alivua kofia. "Nitakuwa mbali. Nitakuja kila nikipata likizo, na siku nisipopata nitapiga simu. Utakubali kuolewa na mtu wa namna hiyo?"

"Nimekubali tangu pale kwenye benchi. Lakini baba atakuuliza kwa nini ulinizuia siku ile, mbele ya watu. Usije ukamjibu hujui."

"Nimjibu nini?"

"Mwambie ulikuwa na wivu."

"Atanikatalia."

"Atakukatalia ukidanganya. Mimi nitaketi pembeni yako, nami nitasema la kwangu." Akamshika mkono. "Haya, mpigie mama yako, asije akapanga kwenda shamba."

Elikana akatoa simu.

"Shikamoo, mama. Jumapili una kazi gani?"