Vyumba Tisa vya Mkutubi

"Vuteni mapazia! Nataka muione inavyowaka!"

Mkutubi alikuwa amesimama katikati ya sebule ya mama yake, uso ukimng'aa. Ilikuwa siku ya kumtambulisha mchumba wake, na ndugu walijaa hadi mlangoni, wengine wamekalia mikono ya makochi. Mezani ilikaa hoteli ya ghorofa tatu ya vitofali vya plastiki vya kuchezea. Aliijenga mwenyewe kwa miezi minane, kila akitoka kazini maktabani.

Mapazia yakafungwa. Akabonyeza kitufe. Vyumba tisa vikawaka kwa mpigo, kila kimoja na taa ndogo kama punje ya mtama.

"Mama yangu wee!" Shangazi akapiga makofi. "Hizo waya zimepita wapi?"

"Muulize mwenye kazi. Nguzo, waambie."

Nguzo, jina alilopewa mtaani kwa urefu wake, ndiye mchumba mwenyewe, fundi umeme wa majumba, mwenye vidole vinene kama mipini ya bisibisi. Akajikuna kisogo.

"Ah... zimepita humo humo ndani."

"Fundi ana siri za kazi huyu!" Watu wakacheka.

Siri alikuwa nayo kweli, na ilikuwa ikimla. Waya za taa zile ni nyembamba kuliko unywele. Siku ya kwanza Mkutubi alipompa hoteli aitie taa, alikata sita ndani ya saa moja, akatukana, akarusha kiatu ukutani. Kesho yake akaibeba hoteli mpaka kibandani kwa fundi simu, mwanamke aliyeachana naye kabla hajamjua Mkutubi. Fundi simu ndiye aliyeitia taa, wiki tatu nzima. Nguzo akairudisha na kusema, "Nimemaliza." Siku hiyo hiyo Mkutubi akakubali kuolewa.

"Na mnajua kwa nini nilimkubali?" Mkutubi alikuwa akiwaambia ndugu. "Huyu akikosa bisibisi anagombana na droo! Lakini amekaa na waya kama hizi wiki tatu kwa ajili yangu. Nikasema, mtu wa hivyo hata mimi atanivumilia."

Nguzo akatazama vidole vya miguu yake.

Shangazi, ambaye mikono haimtulii, akafungua paa achungulie vitanda. Alipolirudisha akalikandamiza kwa kiganja. Tak! Ghorofa ya juu ikazima.

"Shangazi!"

"Sijafanya kitu! Limejifunga lenyewe!"

"Basi, fundi si yupo? Nguzo, mpenzi, tengeneza."

Nguzo akainama. Hakujua hata aanzie wapi. Akajifanya anatafuta tochi kwenye simu, kumbe anaandika: "Paa limefungwa, juu kumezima. Nifanyeje? Haraka!" Akaiweka simu mezani, akaanza kuchokoachokoa kwa kibano.

Simu ikalia. Shangazi akawahi.

"Ujumbe huu. 'Waya imelala juu ya kinundu cha tofali badala ya kupita kati ya vinundu. Paa limeikata. Si nilikwambia mteja wako asiguse paa?'" Akainua macho. "Mteja gani?"

Mkutubi akaichukua simu, akapiga, akaweka spika wote wasikie.

"Nguzo, mmeshaikata, eh?" Sauti ya kike ikacheka.

"Siyo Nguzo. Mimi ndiye mteja."

"Oh! Hongera dada, umejenga vizuri sana. Mkono wako mzuri."

"Taa ulitia wewe?"

"Zote. Kwani yeye alisemaje?"

"Alisema yeye. Mimi ni mchumba wake."

"Mchumba? Dada, naapa, aliniambia ni mteja mwenye haraka. Mimi ni mpenzi wake wa zamani. Mtu mwenyewe hata pole ya kuachana hajanipa!"

Mjomba mmoja akacheka, akafinywa.

Mkutubi akamvuta Nguzo hadi jikoni.

"Una uhusiano naye?"

"Hapana. Hata mkono sijamshika."

"Basi huyo simwogopi. Nakuogopa wewe. Umeniacha nikusifu mbele ya ukoo mzima, na wewe umekaa kimya!"

"Siku ile nilitaka kukwambia. Ukasema ndiyo kabla sijafungua mdomo. Nikaogopa nikisema utaifuta."

"Naifuta sasa." Akavua pete, akamwekea kiganjani.

Nguzo hakujitetea. "Ng'oa taa zote. Nitaanza upya, hapa hapa, unaniona."

"Utagombana na droo."

"Nitagombana nayo ukiwepo."

Mkutubi akarudi sebuleni. Lakini Jumamosi Nguzo alipobisha hodi, akakuta hoteli mezani, haina hata waya moja.

Nguzo alikuwa amepita kwanza kwa fundi simu kumwomba radhi, ndipo akanunua waya. Siku hiyo alikata kumi na moja. Jumamosi ya pili akaunguza kidole. Mkutubi alikaa upande wa pili wa meza, kitabu mkononi, hamsemeshi. Kila waya ilipokatika, Nguzo aliikumbuka ile "Nimemaliza" yake, akaona haya upya.

Jumamosi ya tano, mchana, chumba kimoja kikawaka.

"Hee, kimewaka!" Mama yake Mkutubi akapiga kigelegele kutoka jikoni.

Nguzo hakucheka.

"Nimeunguza ukuta."

"Wapi?" Mkutubi akashusha kitabu.

"Huku nyuma. Chuma cha kulehemu kimegusa. Ukiiweka hivi hapaonekani kabisa."

"Kwa nini unanionyesha, basi?"

"Kwa sababu wewe ndiye utakayekaa nayo."

Mkutubi akapitisha kidole kwenye tofali lililoyeyuka. Kisha akachukua kasha lake la vitofali, akavuta kiti, akakaa ubavuni mwa Nguzo.

"Hilo nitalibadilisha mimi. Wewe shika chumba cha pili."

"Na pete?"

"Vimebaki vyumba vinane, Nguzo. Usinikimbize."