Unga wa Karasha Kwenye Fizi za Limi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule hapa Segese, binti yangu Limi wa darasa la sita hupiga mswaki nyuma ya nyumba. Nilikuwa nafagia uwanja, namsikia anasugua, nafurahi. Meno yake ni ya kahawia tangu yaote, na wenzake humwita Kutu. Hata mimi nilikuwa namwambia, "Sugua, uchafu huo utatoka."

Kumbe alikuwa anasugulia unga wa mawe kutoka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu anakofanya kazi baba yake. Rafiki yake Ritha ndiye aliyemwambia, "Unga huu unang'arisha sufuria, meno yatashindwaje?" Akasugua miezi mitano, mpaka akashindwa kunywa maji ya baridi. Nilipomfunua mdomo, fizi ya jino la mbele la chini ilikuwa imeshuka, mzizi uko nje.

Nikampeleka Shinyanga mjini kwa Dokta Justa, daktari wa meno. Nilitaka dawa ya kupaka tu, turudi nyumbani.

"Mama Limi, fizi iliyoshuka hairudi kwa dawa," alisema. "Tukiacha, jino litalegea. Inabidi kupandikiza."

"Hiyo fizi mnaitoa wapi?"

"Tunaweza kukata kipande kwenye kaakaa, pamoja na ngozi yake. Kinashika imara, ila rangi huenda isifanane, na kidonda kitamsumbua. Au tunafungua kaakaa, tunachukua nyama ya ndani tu, tunaificha chini ya fizi na kushona. Hiyo inapendeza zaidi. Au tunavuta fizi ya jino la pembeni. Kaakaa haliguswi, lakini fizi hiyo iwe nene."

"Daktari, mimi nimeishia la saba. Si uniambie moja tu?"

"Za pembeni nazo amezimaliza kwa kusugua. Tutachukua nyama ya ndani."

Limi akauliza polepole, "Meno yatakuwa meupe?"

"Hapana. Rangi hiyo imetokana na madini ya maji ya kisima uliyokunywa ukiwa mdogo. Iko ndani ya jino, siyo uchafu."

Nilikasirika, nisijue nimkasirikie nani. Aliyemwambia asugue ni mimi.

Alifanyiwa upasuaji, akanywa uji wa vuguvugu wiki mbili, na fizi ikashika. Siku ya kutoa nyuzi, Dokta Justa alituangalia wote wawili.

"Limi, kinachokuaibisha mwambie anayekijua, kabla hujajitibu. Na wewe mama, kabla hujamwambia mtoto ni mchafu, uliza."

Nikamshika Limi mkono, tukatoka.